Uliza Jiwe Kwanza

Jumamosi, Msalato. Vumbi limeamka kabla ya ng'ombe.
Ndahani ametandaza gunia, juu yake visu vinne,
havina jina, havina mhuri, vina ukoo tu:
"Hiki kilikuwa springi ya lori lililolala ubavu Kibaigwa.
Hiki kilikuwa tupa. Hiki, beringi ya mashine ya kukoboa.
Hicho kinachong'aa hakijui kutu;
sikukifua, nimekikata tu,
usiniulize kimetoka wapi."
Reli hafui. Aliletewa kipande usiku, kimeviringishwa kwenye kanga,
akakirudisha: "Chuma hiki bado kina safari."

Mimi nachuna. Mwaka wa kumi na tisa huu,
mbuzi arobaini mnada ukichangamka.
Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Uongo. Mwenye kisu kikali hupewa ngozi aibandue,
naye hula mwisho, utumbo, amesimama.

Nilianza na tupa. Ee, makali yale!
Yalipita chini ya ngozi kama umbea chini ya mlango,
mbuzi thelathini bila kuomba jiwe.
Wa thelathini na moja, kwenye kiungo cha paja,
nilipinda kiganja kidogo,
kidogo tu,
ta!
Ncha ikabaki mfupani, na mwenye mbuzi
akanywa supu yake kwa kujihadhari.
Ndahani hakukana. "Nilikiharakisha.
Chuma kigumu kikitoka kuzimwa kina hasira,
hurudishwa motoni kwa upole
mpaka kishike rangi ya bua la mtama mwezi wa saba.
Mimi nilikitoa kingali cheupe. Kulikuwa na msiba."

Beringi ni kaidi. Hushika makali kutwa,
lakini ikichoka, kuinoa ni adhabu:
jiwe langu nililookota Mto Bubu
linateleza, linalia, lenyewe ndilo linalolika.
Na uisahau na damu usiku mmoja,
asubuhi ina ndui.

Kile king'aacho nilimpa Nyemo, binti wa kaka yangu,
akapogolee zabibu Mpunguzi.
Akarudi wiki ya pili: "Hakina kutu, shangazi,
na hakina neno."

Sasa springi. Nataka niiseme vibaya, nashindwa.
Siku ile ya kufuliwa nilikuwepo:
aliipasha hadi sumaku ikaisahau,
akaizamisha kwenye mafuta ya alizeti,
kibanda kikanukia maandazi
na watoto wa jirani wakaja na vikombe vya chai.
Haijawahi kuwashinda wenzake kwa ukali.
Kila mbuzi wa nane inaomba jiwe,
bila haya, kama mgeni anayeomba maji.
Lakini gari lilipotukwamia porini Chenene,
niliigonga mgongoni kwa rungu, ikapasua mgunga mkavu,
nikaitia chini ya jiwe nikaikandamiza,
ikapinda, ikarudi ilipokuwa,
kama kitu kilichozoea kubeba tani saba
kwenye barabara ya mashimo.

Leo kijana amesimama mbele ya gunia, buti mpya,
anasema anapenda kulala milimani siku za mapumziko.
Amesoma mengi: ugumu, kaboni, kromu,
anayataja kama majina ya wakwe.
Kwa kuwa mikono yangu ina damu, akaniuliza mimi:
"Mama, chuma kipi ni bora?"
Nikamjibu: "Jiwe lako likoje?"
"Jiwe gani?"
"La kunolea."
Akacheka. Hana.
Akanunua kile kinachong'aa,
Ndahani akaniangalia pembeni, akahesabu pesa.

Nikarudi kazini. Sita. Saba.
Wa nane kaning'inizwa, bado ana joto.
Nyemo, nimwagie maji hapo kwenye jiwe.